Raili Anatafuta Sauti

Raili Hyvönen alikagua tiketi kwenye treni kwa sehemu kubwa ya maisha yake, na kazi ile ilimharibu. Nasema ilimharibu, ingawa mwenyewe angesema ilimfumbua macho. Alijua kwamba abiria anayesinzia kabla treni haijatoka stesheni ya Pieksämäki hana tiketi. Alijua kwamba anayejipapasa mifuko kwa bidii mno hana tiketi. Hata baada ya kustaafu aliendelea kuwatazama watu kwa jicho lile lile, dukani, kanisani, kwenye foleni ya daktari wa meno, na majirani walijifunza kumsalimu kwa kifupi wakapita.

Raili ni mtu wa jimbo la Savo kama mimi, na sisi watu wa Savo tukiulizwa saa tunaanza na habari za mvua. Mumewe, Kalervo, alitoka jimbo la Häme. Huko mtu akifungua mdomo mara mbili kabla ya chakula cha mchana wanamuuliza kama ana homa. Wawili hao waliishi vizuri, mke akisema kwa niaba ya wote na mume akiitikia kwa kichwa. Kisha figo za Kalervo zikamsaliti, na wakati wa baridi akafariki. Raili akabaki na nyumba iliyokuwa kimya hata alipokuwa anasema.

Kalervo aliomba majivu yake yazikwe chini ya msonobari, ufukweni mwa ziwa kule Häme kwenye nyumba ya kiangazi ya wazazi wake. Barafu ilipoyeyuka, Raili akapanga iwe Jumamosi moja ya mwezi wa Mei. Shida ilikuwa Mauno.

Mauno ni mdogo wake Kalervo, na ndugu hao walikuwa wamenuniana kwa sababu ya sauna, kile kibanda cha kuogea kwa mvuke. Baba yao aliijenga kwa magogo, sauna ya moshi ya zamani, na mama yao aliwazaa wote wawili humo, kwa kuwa enzi zile hapakuwa na mahali safi wala pa joto kuliko pale. Baba alipofariki, Mauno aliona paa limeoza na sakafu imezama, akaibomoa. Hakumwambia kaka yake. Kalervo alipofika na kukuta sauna mpya ya mbao nyeupe, aligeuza gari akarudi nyumbani. Hakutukana wala hakupiga kelele. Alitazama kalenda ya ukutani, ambayo kwetu kila juma lina namba yake, akampigia Mauno simu moja fupi: majuma ya shufwa yako, ya witiri yangu. Tangu siku hiyo nyumba ile ikawa na wenyewe wawili wasioonana.

Sasa, siku ya msiba, kule wakati wa baridi, kwenye kahawa baada ya ibada, Mauno alimfuata Raili akiwa na kikombe mkononi, akamwambia, "Tulimalizana, shemeji. Agosti, kule ziwani."

Raili akamuuliza waliambiana nini. Mauno akatazama ndani ya kikombe. Akasema walimalizana tu. Raili akauliza tena, kwa njia tatu tofauti kama ilivyo desturi yetu, na mara zote akapata jibu lile lile, kisha hata hilo likaisha.

Hapo ndipo shaka ilipomwingia. Agosti ile yeye alikuwa Kuopio kwa dada yake, na Kalervo hakuwahi kumdokezea kwamba wamepatana. Aliporudi, Kalervo alisema tu kwamba Mauno alipita. Kama kweli walipatana, basi Mauno ana haki ya kusimama karibu kabisa, ashike koleo, afukie. Kama hawakupatana, basi Raili angekuwa anamleta juu ya majivu ya mumewe mtu ambaye mumewe hakutaka kumwona, naye Kalervo hana tena mdomo wa kukataa. Alikosa usingizi kwa hilo. Hakuogopa kumwonea Mauno. Alichoogopa ni kumsaliti Kalervo.

Akampigia Mauno, akamwambia waziwazi kwamba bila ushahidi asije Jumamosi.

Mauno akasema kuna filamu. Siku ile aliweka kamera yake kwenye ukingo wa baraza ili amrekodi kuikka, ndege wa ziwani mwenye kilio kirefu, akasahau kuizima. Angeituma kwenye flashi.

"Mtasikika?" Raili akauliza.

"Utasikia mwenyewe, shemeji."

Flashi ikaja kwa posta. Raili akaichomeka kwenye kompyuta, akabofya faili, na kompyuta ikamjibu kwamba haiwezi kuifungua kwa sababu kodeki inayohitajika haipo. Raili hakujua kodeki ni nini, ila alijua jambo moja: mtu akikupa ushahidi usiofunguka, kuna anachoficha.

Lakini hakuwa mtu wa kushindwa na kompyuta. Akatafuta mtandaoni, akaelezwa kwamba faili la kamera ya zamani linatakiwa ligeuzwe kuwa la aina mpya, na kwamba kuna programu za kufanya hivyo. Ya kwanza aliyoipata ilikuwa na vitufe vitatu vya kijani vya kupakua, kimoja kikubwa kuliko vingine. Hakukiamini kile kikubwa. Akabofya kimoja kidogo, na kinga ya virusi ikaruka ikamzuia. Raili akafurahi kweli, akajiona ana mwenzake humo ndani. Mwishowe akajaribu kile cha tatu, programu ikaingia, ikageuza filamu, na Kalervo akatokea kwenye kioo, amekaa barazani, mwembamba, amevaa sweta yake ya kijivu. Juu ya paji la uso wake, katikati kabisa ya picha, palikuwa na jina la programu kwa herufi nyeupe zilizokoza, na maneno kwamba hili ni toleo la majaribio.

Raili aliumia. Alikuwa hajamwona mumewe akipepesa macho tangu wakati wa baridi, na sasa anamwona amebandikwa tangazo usoni. Akaifuta programu ile papo hapo, akaifuta na kwenye pipa la takataka, akafunga kompyuta akaenda kuosha vyombo ambavyo tayari vilikuwa safi.

Kesho yake akapata nyingine, ya bure, isiyoandika jina juu ya watu. Wakati wa kuisakinisha ikaanza kumuuliza maswali. Je, ungependa na upau wa hali ya hewa? Raili akaondoa tiki. Je, ungependa ukurasa mpya wa kutafutia? Akaondoa tiki. Mchezo wa karata? Akaondoa, na akamtukana aliyeutunga. Fungu la sauti la watengenezaji wengine? Akaondoa, maana watengenezaji wengine ni akina nani na wanataka nini kwake. Mwisho ikamwomba azime kompyuta aiwashe tena. Raili akakataa na hilo. Katika treni, mtu anayekuomba utoke kidogo halafu urudi, ukirudi unakuta begi halipo.

Filamu ikageuzwa. Safari hii picha ilikuwa safi. Kalervo na Mauno wamekaa kwenye benchi la baraza ya sauna ile mpya, birika la kahawa katikati yao, ziwa nyuma. Ila hapakuwa na sauti hata chembe. Raili akaongeza sauti ya kompyuta hadi mwisho, akasogeza sikio, akapiga ubavu wa kompyuta kwa kiganja. Kimya kitupu.

Kisha akaona tarehe kwenye pembe ya picha. Alikwenda kwenye droo, akatoa kalenda ya mwaka uliopita, akahesabu. Juma la witiri. Juma la Kalervo. Mauno alikuwa anafanya nini pale kwenye juma lisilo lake?

Akapiga simu.

"Umefuta sauti," alisema, bila hata kusalimu.

"Sijafuta."

"Basi iko wapi?"

"Iko humo humo."

"Na juma lile lilikuwa letu. Ulifuata nini?"

Mauno akajibu kwa neno moja. "Aliniita," akasema.

Kalervo, ambaye kwa miaka yote ile, isipokuwa mara ile moja ya Agosti, hakutaka hata kulitaja jina la mdogo wake mezani, amwite! Raili akakata simu. Mtu asiye na hatia hupiga kelele, hujitetea, huapa kwa mama yake. Huyu anajibu neno mojamoja kama anayelipia kila silabi. Raili alikwisha kupata jibu lake, lakini, kwa haki, alitaka mtu mwingine alithibitishe. Maktaba ya mji ina meza ya msaada wa kompyuta kwa wazee. Akaweka flashi kwenye mkoba, akabeba na kompyuta yake, akaenda.

Aliyekuwa mezani ni Oili Tarvainen, mama mnene mchangamfu, mtu wa Savo vilevile, anayejitolea pale. Raili alimshuku kwa hilo tu. Alimuuliza analipwa nani. Oili akacheka, akasema halipwi, ila nyumbani mumewe ameanza kujifunza akodiani, kwa hiyo maktaba inamfaa. Raili akaona jibu hilo linaaminika.

Akamweleza yote. Oili hakukimbilia kurekebisha. Aliifungua kwanza taarifa ya lile faili la Mauno lenyewe, akaonyesha kwa kidole. "Tazama, mwenzangu. Picha iko hapa, na njia ya sauti iko hapa. Shemeji yako hajafuta kitu."

"Labda ameacha njia, akatoa kilichomo."

"Labda. Ngoja tuone." Oili akamweleza kwamba video ni mzigo uliokazwa ili uingie mahali padogo, na kodeki ni yule anayejua namna ulivyofungwa. Picha ina wake, sauti ina wake. Akiwepo mmoja tu, nusu ya mzigo inabaki imefungwa. Akatazama orodha ya vilivyomo kwenye programu ya Raili, akakunja uso. "Kuna mtu amekataa kodeki ya sauti wakati wa kusakinisha. Nani aliyekuwekea hii programu?"

Raili akasema hakumbuki. Shingo yake ilikuwa nyekundu. Ilikuwa mara ya kwanza kwa miaka mingi kwake kujipapasa mifuko mbele ya mtu, na Oili, kwa wema wake, akajifanya anatafuta miwani.

Wakaiondoa programu, wakaisakinisha upya, na safari hii kila swali Oili alimsomea Raili kwa sauti. Hali ya hewa, hapana. Karata, hapana. Fungu la sauti, ndiyo. Kuzima na kuwasha, ndiyo, na Raili alikaa ameshika mkoba wake kwa mikono miwili hadi kompyuta iliporudi. Kisha ule mstari wa kugeuza ukaanza kutambaa, nao wakanywa kahawa ya chupa ya Oili. Raili alishatamani hata Mauno awe mwongo, kuliko kuendelea kutojua.

Filamu ikafunguka. Wale ndugu wawili kwenye benchi. Ziwa. Kimya.

"Nilijua," Raili akasema. "Nilijua mimi."

"Subiri. Unaona huu mstari wa kijani chini? Unatikisika. Hiyo ni sauti, ila ni ndogo." Oili akamvalisha visikilizio, akaongeza.

Na kweli. Kwanza ulikuja upepo. Kisha kijiko kikagonga kikombe. Kuni zikalia ndani ya jiko, upande wa pili wa ukuta. Kuikka akalia mbali, na Mauno kwenye picha akainua kichwa kidogo, kisha akakishusha. Kalervo akamimina kahawa, akamsogezea mwenzake sahani ya mkate. Mauno akachukua kipande. Akakitafuna. Sauti ya kutafuna ilisikika vizuri kabisa.

Raili akangoja. Oili naye, aliyekuwa akisikiliza kwa kisikilizio cha pili, akaanza kuhangaika kwenye kiti. "Mbona hawasemi hawa?" akanong'ona. "Wamegombana?"

"Amekata," Raili akasema. "Amekata mahali wanaposema."

Oili akamwonyesha saa ndogo iliyokuwa inakimbia kwenye pembe ya picha. Haikuruka popote, hata sekunde moja. Hakuna kilichokatwa. Watu wale wawili, ambao walikuwa hawajaonana miaka chungu nzima, walikaa bega kwa bega wakanywa birika zima la kahawa bila kusema neno. Sisi wawili watatu wa Savo tungekuwa tumekwisha kulia, kugombana upya na kuombana radhi mara mbili.

Raili alishindwa kuelewa. Aliishi na mtu wa Häme miaka yote, akampikia, akamfulia, akamuuguza, na bado mbele ya kimya kile alikuwa kama mtu wa kuja. Alikitazama kama kiti kitupu, akingoja mtu aje akalie. Hata hivyo akaanza kuona vitu. Aliona kwamba Kalervo hakugeuza bega. Aliona kwamba alipotaka kumimina kahawa ya pili mkono ulimtetemeka, na Mauno akaweka kidole kimoja chini ya birika, akaliinua kidogo, bila kumtazama. Kalervo hakuusukuma mkono ule. Nyumbani, Raili alipojaribu kumsaidia kushika kikombe, aliusukuma.

Wakapiga moyo konde wakaendelea kutazama. Jua likasogea kwenye mbao. Mwishowe Kalervo akajiegemeza ukutani akasimama kwa shida, akaanza kufungua vifungo vya sweta. Akasema, kwa sauti yake ile ya chini, karibu na sikio la Raili kana kwamba yuko hai nyuma yake:

"Haya. Twende ukanisugue mgongo."

Mauno akaweka kikombe chini. Wakaingia saunani, mlango ukafungwa, na filamu ikaendelea na ziwa peke yake.

Oili akashusha pumzi, akatabasamu. "Basi walipatana," akasema. "Kwetu humwambii adui akusugue mgongo."

Raili alivua visikilizio akaviweka mezani, akaupanga waya wake vizuri. Machozi yalikuwa yanamtoka, na hayakuwa ya furaha. Tangu siku Kalervo alipofanyiwa upasuaji wa figo, hakumruhusu mkewe aingie naye saunani. Walikuwa wakiingia pamoja kila Jumamosi tangu wakiwa wachumba, na kila Jumamosi alimsugua mgongo, kisha ghafla mlango ukawa unafungwa kwa ndani. Raili alishuku mengi. Alishuku kwamba amemchoka. Wiki moja alishuku hata muuguzi. Hakumuuliza, yeye ambaye alimuuliza kila mtu kila kitu, kwa sababu hilo moja aliogopa jibu lake. Na sasa anamsikia akimpa mtu mwingine mgongo ule, mtu ambaye alimnunia nusu ya maisha.

Alimshukuru Oili, akatoka. Alikaa kwenye benchi mbele ya maktaba, akatoa simu.

Mauno alipokea akasema jina lake tu.

"Nimesikia," Raili akasema.

"Ndiyo."

Raili alikuwa amepanga kumwambia habari za Jumamosi, saa ya kufika, nani alete koleo. Badala yake kikatoka kile alichokibeba tangu siku ya upasuaji. "Mauno. Mgongo wake ulikuwaje?"

Kimya kikaja. Kwa mara ya kwanza katika maisha yake Raili hakukijaza. Alikaa nacho, ameshika simu kwa mikono miwili.

"Shemeji, nilimwahidi," Mauno akasema mwishowe. "Ndiyo maana sikukujibu pale msibani. Alisema nisikwambie."

"Hujaniambia. Nimekuuliza mimi. Ni mambo mawili."

Mauno akapumua. "Mifupa mitupu," akasema. "Na kovu, kutoka mbavuni hadi kiunoni, lilikuwa halijafunga vizuri. Nilisugua kwa kitambaa laini, polepole. Alisema wewe una mkono mzito." Akasita, na sauti yake ikakwaruza. "Alisema ukiuona mgongo ule ungelia, na yeye akikuona unalia angelia, na mkishaanza hamtanyamaza. Alitaka Jumamosi zenu zibaki zile za zamani."

Ilikuwa hotuba ndefu kuliko zote alizowahi kumsikia akitoa. Raili akafuta uso kwa mgongo wa mkono. Watu walipita, wakamtazama, naye hakuwatazama.

"Uje Jumamosi," akasema. "Uje asubuhi. Sauna uiwashe wewe, ile uliyoijenga."

"Baada ya kuzika?"

"Kabla. Na usiache kuni zizimike hadi turudi kutoka kuzika. Nitaingia nami, kisha utakaa barazani unieleze yote, na usinipe neno mojamoja."

"Sijui kama nitaweza, shemeji."

"Nitangoja," Raili akasema.